Bendera ya Mtoto wa Mtu

Mwenda wangu,

Barua yako imefika hapa Githongo nikapumua. Kumbe uko mzima! Sisi tunachuma kahawa, mama yako hajambo.

Unauliza kama utuletee bendera uliyookota huko vitani. Baba yangu alileta moja kutoka vitani Burma, ya askari Mjapani aliyekufa, imejaa majina ya watu wake. Baba akachinja mbuzi wa kuitakasa, lakini mama akakataa isiingie nyumbani. "Huyo mbuzi wako atamwambia nini mama wa huyo askari?" Ikakaa bandani miaka.

Baada ya uhuru, nikiwa msichana, akaja mwalimu Mjapani shuleni kwetu. Baba akampelekea ile bendera. Mwalimu akasoma majina polepole.

"Hebu rudia," baba akasema, kisha akamwachia bendera airudishe kwao.

Jioni hiyo baba akala githeri, mahindi na maharagwe, akaomba ingine, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya.

Wewe rudi tu, mikono mitupu.

Nyanya yako