Haragwe la Mfalme

Jumatano, 2 Januari 2019

Shifti ya asubuhi, kiwandani hapa Fridley. Vifuniko vya plastiki siku nzima. Vidole vimekufa ganzi. Nimerudi, nimelala kwenye kochi na viatu.

Baba Aline kaleta habari. Wifi yangu Josephine, dada yake, anahamia Iowa na watoto wake. Kapata kazi ya kiwanda cha nyama. Lori ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Sisemi naye tangu Septemba. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani alitamka mbele za watu kwamba sombe langu la majani ya muhogo linanuka mashine, kwamba mimi ni mvivu wa kutwanga. Ni kweli nilisaga kwa blenda. Nikamjibu kwamba mdomo wake ni redio isiyozimwa. Nayo ni kweli. Basi, kimya mpaka leo. Na huyu ndiye aliyelala nami hospitali nilipomzaa Aline. Inaniuma. Lakini kuanza mimi, siwezi.

Alhamisi, 3 Januari

Nimemtuma Aline ampelekee shangazi yake sufuria zake. Kanijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si posta. Baba yake naye anasema ndugu wakigombana, yeye anachukua jembe akalime. Jembe gani, na nje theluji imejaa?

Nimefungua tena kitabu cha darasa la jioni, lile la historia lililoisha Desemba. Nilidhani Ulaya ya zamani ni vita na majumba. Kumbe kulikuwa na watu wa kawaida kabisa. Wanapiga kengele ya kanisa kufukuza radi. Mvua ikigoma, wanageuza sanamu ya mtakatifu iangalie ukuta mpaka ashike adabu. Na sikukuu ya Mamajusi wanaficha haragwe moja ndani ya keki. Atakayelikuta ni mfalme siku hiyo, hata akiwa mfagizi. Akitoa amri, wote wanatii. Akiinua kikombe, wote wapaze sauti: mfalme anakunywa! Asiyepaza sauti anapakwa masizi usoni.

Masista wa Bukavu walitufanyia gato hilo hilo tulipokuwa wadogo. Sikujua lina umri wote huo.

Sikukuu ni Jumapili. Nimepata akili.

Ijumaa, 4 Januari

Nimemwambia mama mkwe peke yake. Kipande chenye haragwe nitakiwekea karanga juu, nitampa yeye. Akishakuwa malkia, atatuamuru mimi na binti yake tusalimiane. Amri ni amri. Hakuna aliyeanza, hakuna aliyeshindwa. Mama kacheka mpaka kakohoa.

Mchungaji naye kasikia habari za gato. Anasema haragwe la bahati ni upagani. Kitabuni wachungaji walilalamika vivyo hivyo, na watu wakaendelea kula. Nimemwalika.

Jumamosi, 5 Januari

Gato la kwanza limeungua. La pili limesimama vizuri.

Masizi nayatoa wapi, nyumba nzima jiko la umeme? Nimechukua mkaa uliobaki wa nyama choma ya kiangazi, nikasaga kwa blenda, nikachanganya na mafuta. Jikoni kote kumekuwa kweusi.

Mama mkwe kampigia Josephine mara mbili. Hajasema atakuja. Hajasema hatakuja. Nina hasira naye na namuombea aje, yote kwa pamoja.

Jumapili, 6 Januari

Kaja. Kakaa mwisho wa meza, koti mwilini kama mtu wa kuondoka sasa hivi.

Nikagawa. Karanga kwa mama mkwe. Mchungaji kaomba vipande viwili, wa upagani huyo. Nikageuka kumimina juisi ya tangawizi. Kugeuka tena, sahani ya mama mkwe ni tupu. Sukari. Ana ugonjwa wa sukari, mimi mwenyewe ndiye ninayempa dawa kila asubuhi, na furaha ya mpango wangu imenisahaulisha. Kipande kampa binti yake. Mimi napanga, Mungu anapangua.

Josephine kaacha kutafuna. Katoa haragwe mdomoni, kaliweka mezani. Kaniangalia. Nikajua leo nitatwangishwa sombe mbele ya mchungaji.

Hakuamuru kitu. Kainua kikombe tu.

Wote wakapaza sauti, mchungaji kuliko wote. Mimi sauti haikutoka. Nilikuwa namwangalia anavyokunywa, nikiwaza Iowa. Mama mkwe kanionyesha kidole. Huyu hapa kanyamaza. Apakwe.

Josephine kachukua bakuli la masizi, kazunguka meza. Kanipaka shavu la kulia, polepole. Kisha la kushoto. Kidole kikabaki pale pale. Kidevu chake kinatetemeka, nikadhani analia.

"Wifi," kasema, "hata masizi umesaga kwa blenda?"

Nikasema ndiyo. Nikayafuta yangu kwa kiganja, nikampaka yeye. Tulicheka mpaka tukalia, na koti lake likachafuka kabisa.

Jumanne, 8 Januari

Baada ya kazi nimekwenda kwake kufunga maboksi. Tumeongea saa nzima juu ya watu wote tuliokosa kuwasengenya pamoja tangu Septemba. Ile redio imerudi hewani. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 12 Januari

Wameondoka asubuhi. Baridi kali. Josephine hakupenda kuaga kirefu, nami sikupenda.

Kaniachia kinu chake. Eti hakikupata nafasi kwenye lori. Nafasi ilikuwepo, niliiona. Blenda yangu kaondoka nayo yeye.

Jioni nimetwanga sombe. Jirani wa chini kagonga dari kwa ufagio. Nikaweka blanketi chini ya kinu, nikaendelea taratibu.