Upele wa Askari na Mtoto Niliyeogopa Kumshika

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha hapa kambini Nakivale tangu mchana, na njia ya kutoka Base Camp hadi kwetu Misiera ni tope tupu. Nimechoka, lakini leo uchovu hauniumi.

Binti yangu alizaliwa nikiwa Mbarara, kwenye ghorofa tunayojenga. Nilikuja kumwona mara moja, nikamtazama kutoka mlangoni kama mgeni. Sikumshika.

Nilikuwa nawashwa.

Sisi vibarua tunalala palepale kazini, juu ya mifuko mitupu ya saruji. Mwasho ulipoanza tumboni na mikononi, sote tulisema ni saruji, maana saruji inakula ngozi ya kila mtu. Nikajipaka mawese, nikaendelea kubeba zege. Kisha mvua ikasimamisha kazi wiki nzima. Sikugusa saruji, na bado nilijikuna.

Ndipo nikamwangalia vizuri Askari, mbwa anayelinda pale. Masikio yake yalikuwa yamenyonyoka manyoya. Baridi ikizidi, huja kujibanza mgongoni pangu, na sijawahi kumfukuza. Ukiwa mbali na kwenu, hata pumzi ya mbwa ni jamaa.

Baraka, tuliyetoka naye Fizi, Kongo, alinicheka kwamba nimepata mke wa pili. "Ule mbwa njo bibi yako wa Mbarara. Sasa amekupa ugonjwa."

Wengine hawakucheka. Walitaka auawe.

Nikamfunga kamba, nikampeleka kwenye duka la dawa za mifugo. Daktari wa pale alitazama masikio ya Askari, kisha akaniambia na mimi nifunue tumbo. Niliona aibu mbele ya wafugaji waliofuata dawa za kupe. Nikamuuliza jambo moja tu: nitampa mtoto?

"Hiyo upele ya mbwa inaweza ruka kwa mtu," alisema, "lakini kwa mtu haizai. Kwa mbwa ndiyo inazaa. Tutibu huyu kwanza."

Akamchoma sindano, akataka nimrudishe kwa nyingine. Akanionya pia kwamba watu wana upele wao, ambao hubaki na kuenea nyumba nzima, na yeye hatibu watu. Nikapimwe kliniki kabla ya kugusa mtoto.

Nilichoma ile mifuko, nikafua kila kitu, nikaanika juani. Siku zilivyokwenda, mwasho ukafifia.

Leo asubuhi muuguzi wa kliniki ya Base Camp amenikagua katikati ya vidole, kiunoni, kila mahali. Amesema haoni upele tena, niende nikamshike mwanangu.

Mke wangu Furaha hakusubiri nimalize kueleza. "Ikala chini, baba. Mushike."

Nikakaa, nikampokea. Ni mwepesi kuliko karai la zege.

Jumatatu narudi kazini. Askari nitamtandikia fasi yake chini ya ngazi, nami nitabaki kwangu. Baridi tutaizoea, kila mmoja kivyake.

Sasa mtoto amelala kifuani pangu. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja, polepole, nisimwamshe.