Mafiga ya Mama Kutoka Misungwi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako niliiitikia kwa sauti, marahaba, hadi bibi yako akachungulia kuona naongea na nani. Sisi wazima, ila magoti yangu hulalamika nikiupanda mlima wetu wa hapa Mkolani.

Umeuliza, wewe unayesomea mipango miji huko Dodoma, kama kanuni mpya ya viwanja vidogo imetusaidia. Imetusaidia. Kibali cha chumba cha uani kimetoka.

Chumba hicho nilikianza kwa ajili ya mama yangu, kabla hujazaliwa. Kuta zilipofika kwenye lenta nikasimamishwa: kiwanja ni kidogo, hakiruhusu nyumba ya pili. Mama akaja kutoka Misungwi na mafiga yake matatu kwenye kiroba.

"Mama, Mwanza yote hii ni mawe, nawe unaleta mawe?"

"Ya kwenu hayanijui."

Akayapanga kwenye kona, akatazama juu, akaona mawingu. Nikamweleza habari ya kibali.

"Basi narudi kijijini kusubiri. Mawe yangu yabaki, au nayo yanataka kibali?"

Tulicheka sana. Tangu hapo kila nilipomtembelea aliuliza, "Umeshaezeka?" Hata siku yake ya mwisho aliuliza.

Jana mafundi walipiga bati. Mmoja akauliza kama atupe yale mawe. Nikainama kuyafuta vumbi. Bibi yako ndiye aliyesema yaachwe.

Siku utakapokaa ofisini, mtu akikuletea ombi la chumba kimoja, muulize ni cha nani.

Babu yako