Maji Yanazama Loti ya Tisa

Jumapili, 4 Agosti 1957

Shule imefungwa, na nimepewa kazi nisiyoiomba. Agronome, afisa wa kilimo wa serikali, anataka historia ya watu wa mfereji wa Mudaka: kurasa mbili, kwa Kifaransa. Itakaa katika faili ya ardhi. Papa ni kapita, msimamizi wa wachimbaji wa mfereji, lakini hajui kusoma. Mimi ni binti yake na mwalimu — basi, mimi.

Amekuja hapa Kadutu, ninapokaa, kwa baisikeli kunipa mwanzo. "Andika, Adolphine: mbele ya kuchimba mufereji, hapa hapakuwa mutu. Pori tu."

Pori! Nilikuwa na miaka tisa tulipomzika baba mdogo Cirhuza, mdogo wake Papa, ndani ya migomba yake, kando ya mto huo huo. Nilitupa udongo kwa mkono huu. Ulikuwa baridi, umeshikamana kama ugali wa jana.



Alhamisi, 8 Agosti

Nilipanda lori mpaka Mudaka. Wamefungulia maji! Yalikuja mekundu, yakisukuma majani makavu. Wanawake walipiga vigelegele. Yalivuka mashamba yaliyogawanywa: loti ya saba, ya nane. Kwenye ya tisa yakasimama, yakazunguka, yakaingia chini. Hayakutoka popote.

Wachimbaji walicheka. "Kapita, mayi yako imeingia kunywa kasiksi!" — "Iache ilewe, itarudia!"

Papa hakucheka. Agronome alisema udongo ni laini, wajaze udongo wa mfinyanzi. Walijaza. Kabla ya saa sita yalizama tena. Hapo hakuna aliyecheka. Wenyeji wote walikuwa wanatazama majembe yao.

Mfereji umepita juu ya baba mdogo Cirhuza. Juu ya kifua, nadhani.

Jumamosi, 10 Agosti

Maman Bibiane, mjane wa Cirhuza, alikuja kuketi ukingoni. Hakulia. Nusu ya migomba yake imekatwa, imekuwa loti ya tisa, nayo kapewa Venant, mtu wa mbali. Tarehe 19 wapimaji watapima nusu iliyobaki, nayo igawiwe.

"Weye unajua kuandika," aliniambia. "Andika jina ya bwana yangu. Kama karatasi inasema pori, mimi nilikuwa nani pale? Nyani?"

Nilimwuliza Papa kwa nini anasema pori.  Akasema yote kwa mkupuo. Agronome aliuliza kama kuna kaburi. Kaburi lingegeuza mstari wa mfereji, mvua ilikuwa karibu, kazi ya kapita ingepewa mwingine. Akajibu hapana. Akatia alama ya kidole kwenye karatasi.

"Sasa nitarudia na kinywa gani? Kudanganya Leta, serikali yenyewe, ni gereza, mutoto wangu."

Ndugu yake. Tumbo moja!

Jumatano, 14 Agosti

Sijaandika hata neno. Nasikia maji yakishuka — hapa Kadutu, mchana, bomba liko mbali. Nanawa mikono. Iko safi. Nanawa tena.

Jana shangazi aliniuliza kwa nini natazama sakafu ninapotembea. Sikujua kwamba natazama.

Jumapili, 18 Agosti

Papa alifika baada ya misa. Kurasa zilikuwa tayari. "Soma," akasema.

Nilimtafsiria, kidole kikifuata mistari. Karatasi inasema: hapa kuna migomba ya Bibiane; hapa amezikwa mume wake, Cirhuza; mfereji umepita juu ya kaburi lake. Kidole kilipofika pale, nikasema: "Hapakuwa mtu. Pori tu."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

"Umesoma kweli!" Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama siku ya diploma yangu. Amekunja karatasi, ameiweka ndani ya koti. Anaipeleka mwenyewe Nguba, nyumbani kwa agronome, leo hii, ili wapimaji waione kesho.

Sasa yuko uani, anajaza upepo kwenye gurudumu la baisikeli. Namsikia akijisifu kwa jirani: "Kinywa ni yangu, mukono ni ya mutoto wangu!" Jirani anamtania kwamba agronome atamwita monsieur. Anacheka. Sijamsikia akicheka tangu maji yalipofunguliwa.

Nikitoka na kumwambia, ataichana. Kesho Maman Bibiane atasimama mbele ya kamba ya wapimaji bila hata jina. Nisipotoka, ni gereza —

"Adolphine! Njoo unishikie kinga, hii baisikeli inaanguka!"

Nimeitika. Bado nimekaa.

Anaita tena. Sasa jirani ndiye anayemshikia.