Nani Atamwitikia Lusekelo

Tukuyu, 6 Novemba 2023

Ndugu yangu Elinaja,

Habari za miaka mingi, na habari za Hayes, huko London? Natumaini magoti bado yanakubeba na wajukuu hawajambo. Sisi huku tunakunywa chai na kumshukuru Mungu. Mapafu yangu yameanza tena ugomvi wa zamani. Daktari wa Mbeya amenikataza kupanda vilima, kana kwamba Tukuyu ina mahali pengine pa kutembea.

Najua barua hii itakushtua. Nakuandikia kwa sababu ya mazishi ya Deus. Desturi ya shule yetu unaijua: mtu akizikwa, mwenzake mmoja wa darasa anaita jina lake kama katika mahudhurio ya asubuhi, na mwingine wa darasa hilohilo anamwitikia, "Yupo." Telesphor alisafiri kutoka London, akasimama kaburini, akaita. Wa darasa lenu mwingine hakuwepo, nikaitikia mimi: "Yupo." Telesphor alinitazama, kisha akaita tena kama mtu ambaye hajasikia kitu. Halafu akatoa simu akakupigia wewe. Wajukuu wa Deus wote walikuwa wananiangalia.

Elinaja, niliingia kidato cha kwanza pamoja nanyi, mwaka 1966. Sikuomba kuugua kifua kikuu, wala sikuomba kurudishwa nyuma nisome na wadogo zetu. Hao wadogo nao wanasema mtu huitikiwa na darasa aliloingia nalo. Kwa hiyo naomba unijibu waziwazi. Siku yangu ikifika, nani ataniitikia?

Ndugu yako,
Lusekelo

Hayes, 28 Novemba 2023

Ndugu yangu Lusekelo,

Salamu nyingi, na pole kwa kifua. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Mke wangu anakusalimu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Sikujua. Siku ile nilikuwa kituo cha basi na mifuko ya soko mikononi. Telesphor aliniambia neno moja tu, "Itikia," nikaitikia, watu kituoni wakageuka kunitazama. Kwamba ulikuwa umekwisha kuitikia, hakunieleza.

Jumamosi nilikwenda kwake Tottenham. Mjukuu wangu Irene alinisindikiza, na kwenye treni ilibidi nimweleze habari ya nguzo. Nilimwambia mwalimu mkuu wetu alikuwa Mmarekani, na alituletea mchezo ambao baba yake aliucheza shuleni kwao mwanzoni mwa karne iliyopita. Kila darasa na kitambaa cha rangi yake. Mara moja kwa mwaka kidato cha pili wanafunga chao juu ya nguzo iliyopakwa grisi na kuizunguka, na kidato cha kwanza wanapigana kukishusha kabla ya kengele ya chakula. Nikamwambia hawakuwahi kufaulu mpaka 1967, pale mvulana aliyewahi kuwa wetu alipopanda akashusha kitambaa chetu cha bluu. Irene aliuliza kwa Kiingereza kama kuna aliyekufa. Nikasema hapana. Akashangaa kwa nini basi bado tunalizungumza.

Telesphor nilimkuta amejifunika blanketi, anatazama mpira bila sauti. Alikuwa monita wetu, na hajawahi kuacha kazi hiyo.

"Lusekelo anauliza ni wa nani," nikamwambia.

"Aliipanda nguzo."

"Tulikuwa watoto, bwana."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa monita."

"Alikuwa amewekwa darasa la wekundu. Ulitaka afanye nini?"

"Angeteleza," akasema. "Nguzo nzima ilikuwa grisi. Nani angemlaumu?"

Nilijaribu tena wakati wa chai, akapandisha sauti ya televisheni. Nivumilie kidogo, nitarudi kwake.

Ndugu yako,
Elinaja

Tukuyu, 15 Januari 2024

Ndugu Elinaja,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini baridi ya huko haijawatesa. Mimi naendelea na dawa.

Nimelifikiria neno la Telesphor kwamba ningeteleza. Ni kweli ningeweza. Sikiliza jambo ambalo hukuliona, maana siku lilipotokea ulikuwa na zamu jikoni.

Niliporudi kutoka hospitali nilichukua sahani yangu ya ugali nikaja moja kwa moja meza ya bluu. Nafasi yangu ilikuwa palepale, wazi. Telesphor akasema, "Meza imejaa." Wengine wakaendelea kula. Nilisimama katikati ya bwalo, na sahani inanichoma vidole. Ndipo wale wadogo wakaniita. Walijua nimetoka wodi ya kifua kikuu, mama zao walikwisha kuwaonya, na bado walibanana nikapata kukaa. Mmoja alinipa kipande chake cha nyama kwa sababu niliambiwa nile nyama.

Miezi michache baadaye wakasema, "Wewe mwepesi, panda." Hao ningewatelezea vipi?

Sikuwachukia ninyi. Nilipofika juu na kitambaa chenu mkononi nililia, na chini walidhani ni jasho. Lakini kupanda nilipanda, na sijuti.

Sitauliza tena.

Lusekelo Mwaipopo

London, 2 Mei 2024

Ndugu yangu Lusekelo,

Shikamoo za wajukuu zikufikie. Naandika kwa simu ya Irene kwa sababu barua haitawahi. Nisamehe kwa kimya cha miezi hii.

Telesphor amefariki Jumapili, usingizini. Tunamzika tarehe 17 hapa London. Katika waliokubalika darasani nimebaki mimi peke yangu. Nitamwita, na hakuna wa kuitikia. Nakuomba umwitikie wewe, kwa simu. Tangu leo hakuna wa kukukataa. Wewe ni wetu.

Ndugu yako,
Elinaja

Tukuyu, 4 Mei 2024

Elinaja,

Poleni sana. Wape pole watoto wake. Nimemwombea, na kesho nitamtaja katika misa.

Lakini nilikuuliza mwezi wa kumi na moja. Telesphor alipokuwa hai hukuweza kuniambia mimi ni wenu. Leo mmepungukiwa na sauti, nimekuwa bluu. Nilikwisha kuitikia mara moja, mbele ya watu. Sitaitikia kwa sababu ya kujaza pengo.

Usidhani namlipiza marehemu. Ni wewe ninayekujibu.

Lusekelo

Hayes, 20 Mei 2024

Ndugu yangu Lusekelo,

Hujambo? Kifua kinasemaje? Sisi tumezika, tumerudi nyumbani.

Nilimwita. Padri alikuwa ameniachia nafasi, watu wakangoja. Nilitaka kumwitikia mwenyewe, nikafungua mdomo, nikaona haiwezekani mtu mmoja kuwa pande zote mbili. Binti yake akanigusa mkono, akauliza kama tumemaliza. Nikamwambia ndiyo.

Ulichoniandikia ni haki. Jina lako lilisomwa kila asubuhi pamoja na yetu, na hilo sikuhitaji monita anithibitishie. Ilinipasa kukujibu siku ileile barua yako ilipofika. Nilikwenda Tottenham kuomba ruhusa ya jambo nililolijua.

Siombi unijibu neno lolote kuhusu desturi. Ila sitaki kuja kukuita wakati hunisikii. Nimekata tiketi. Nafika uwanja wa ndege wa Songwe tarehe 11 Juni asubuhi. Kama hutaki nifikie kwako, nitapanga chumba mjini, nije barazani nikusalimu, kisha nirudi.

Ndugu yako,
Elinaja

Tukuyu, 24 Mei 2024

Ndugu yangu,

Tumepata salamu zako. Leo nimelala vizuri kidogo.

Usithubutu kupanga chumba mjini, majirani watanicheka mpaka kaburini. Binti yangu Placida atakupokea Songwe. Ni mrefu kama mimi nilivyokuwa, utamtambua. Mwezi wa sita huku ni baridi na ukungu, na najua ninyi watu wa Ulaya mmezoea joto la ndani ya nyumba. Leta sweta nzito.

Mambo ya kuitana tutayazungumza ukishakula.

Nduguyo,
Lusekelo