Inchi Saba Mpaka London

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Marangu, na ule mguu umeshapoa? Mimi ni mzima, cherehani nayo ni nzima, na leo nina furaha mpaka nimeshona mfuko wa suruali ya watu kinyumenyume.

Mama, nakuomba radhi. Zile maili elfu tano na mia tatu nilizokuandikia, kwamba ndizo atakazoruka Ndeosia kutoka kiwanja cha ndege cha hapa mpaka cha London, zilikuwa kosa langu. Najua barua ile ndiyo iliyokufanya useme binti yako haendi kusomea uuguzi mbali kiasi hicho. Nilipima kwa rula kwenye ramani iliyobandikwa ukutani dukani, nikajiona msomi.

Jumatano alikuja Mwalimu Mrisho wa Magomeni kupunguziwa suruali. Nikamweleza jinsi mdogo wangu alivyonyong'onyea tangu jibu lako lifike. Alipoiona ile ramani alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi," akasema, "dunia ni mviringo. Ukiitandaza ukutani lazima uivute, na huko juu Ulaya ndiko inakovutwa zaidi. Kwani wewe humpima mtu kiuno kwa kumlaza mezani?"

Niliona aibu, mama. Miaka sita ya ufundi!

Kesho yake akaleta tufe la dunia la shuleni kwao, amelifunga kwenye kanga ya mkewe. Nikalipima kwa tepu: kiuno inchi thelathini na nane, kama mama mwenye afya zake. Mwalimu akasema kiuno hicho ni maili elfu ishirini na tano, nikagawanya kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Halafu nikaishika tepu Dar es Salaam, nikaipitisha juu ya jangwa mpaka London. Inchi saba. Maili elfu nne na mia sita tu. Muuza kahawa wa barazani alitugawia vikombe vya bure, utadhani pamezaliwa mtoto.

Sikudanganyi kwamba ni karibu, na ndege itatua njiani kutia mafuta. Ndeosia mwenyewe alisema, "Kaka, mwambie mama akikataa sitaenda, wala sitanung'unika." Unamjua, kweli hatanung'unika. Nitakayenung'unika ni mimi, mpaka nizeeke.

Wasalimie babu, shangazi muuza ndizi, na mjomba anayekusomea barua hii. Mwambie asome taratibu hapa mwisho.

Fomu ya ruhusa ya mzazi iko humu ndani, inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Nimekata pia utepe wa inchi saba. Uulaze mkononi mwako, mama: unaanzia kifundoni na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Fomu uitie dole gumba uirudishe. Utepe baki nao.

Ni mimi mwanao,
Elinami