Faili Alilolifungua Nirvair

Barabara ya Shields Magharibi,
Fresno, California.
22 Oktoba 2023

Mpendwa dada Resham,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako Kulbir. Hujambo? Goti la shemeji bado linamsumbua, au ameshaanza kutembea hadi shambani kuwagombeza wavunaji? Na mpunga huko nyumbani umetoka vizuri mwaka huu? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mgongo unaniuma kama kawaida ya mtu aliyekalia kiti cha lori miaka ishirini na sita. Kulbir anasema ni uzee, ananionea tu.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Mwanao Nirvair aliniapisha nisikupigie simu kukueleza haya. Barua hakuitaja, na mimi sikumkumbusha. Kwanza tulia: hajaumia, hajafungwa, anakaa kwangu na anakula sana. Ila kazi hana tena, na chanzo ni mimi. Sikutaka uyasikie kwa watu.

Unajua alikuwa kwenye kampuni ya madalali wa mizigo. Huku mwenye mali hamtafuti dereva mwenyewe. Anamlipa dalali, dalali anakata chake, kinachobaki ndiyo nauli yetu. Amekata kiasi gani, hatuambiwi. Mwezi wa nane Nirvair alinipigia kunipa mzigo wa lozi wa kupeleka New Jersey. "Mjomba, soko limelala," akasema. "Dola elfu nne na mia sita ndiyo mwisho wao, na hiyo nimekupigania." Nikamwombea baraka. Nikaivuka nchi nzima kwa siku tano, na nilipotoa dizeli na bima, nilibaki na pesa ya matairi mawili.

Karani wa ghala kule alikuwa na mafua, anapiga chafya huku anabana karatasi. Nilipofika kwenye lori nikakuta chini ya risiti yangu amebana na ankara isiyonihusu, ile ambayo kampuni ya Nirvair ilimpelekea mwenye mali. Usafirishaji, dola elfu saba na mia tisa. Dada, nilikasirika. Si kwamba dalali amekula, maana hata dalali ana watoto. Ni kwamba aliyeniambia soko limelala ni mtoto niliyekwenda kumpokea mwenyewe uwanja wa ndege.

Sheria ya huku inampa dereva haki ya kuomba faili la mzigo alioubeba, aone mwenye mali alilipa nini. Lakini mikataba ya madalali, huko ukurasa wa kumi na moja, ina mstari unaosema kwamba haki hiyo umeiacha kwa hiari yako. Tunasaini kwenye simu, kwa kidole gumba, tukiwa tunajaza dizeli. Hata mimi mjuaji nilisaini.

Jumapili nikamkuta hekaluni kwetu, jikoni gurdwara, anasukuma chapati za waumini na akina mama. Nikakaa kando yake nikaanza kusukuma nami.

"Ule mzigo wa lozi ulilipiwa ngapi?"

"Mjomba, hilo siwezi kusema. Nitafukuzwa."

"Soko limelala, eh? Mbona ninyi mko macho?" Nikamwekea ile ankara juu ya unga.

Akaiangalia weee. "Ungejua, ungeukataa. Na lori lako lingekaa bure."

"Ningeukataa, ndiyo! Mwizi mkubwa wewe!"

"We mzee Tarsem!" mama mmoja akanipigia kelele. "Umekuja kusukuma chapati au kumsukuma mtoto wa watu?"

Jiko zima likacheka. Nirvair hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni inamlipa kwa kufuata pengo kati ya anacholipa mwenye mali na anachopata dereva: akimbana dereva zaidi, naye anaongezewa. Sehemu yake ya mzigo wa lozi alikutumia wewe, kwa operesheni ya jicho. Nikaendelea kusukuma mpaka madonge yakaisha.

Usianze kujilaumu, dada, wala usithubutu kuziuza bangili zako, maana nakujua. Jicho lako ningelilipia mwenyewe kama ningeambiwa. Kinachoniuma ni kazi inayomtaka mpwa amfiche mjomba wake ndipo apate riziki.

Niliiandikia kampuni kuomba faili la ule mzigo. Wakanijibu kwa mistari miwili, wakanielekeza ukurasa wa kumi na moja. Nikaona yamekwisha. Siku mbili baadaye Nirvair akaja mlangoni na boksi, ndani yake nakala za mafaili ya mizigo yote aliyonipa kwa miaka miwili. "Ni haki yako, mjomba," akasema. "Nimechoka kukudanganya." Kesho yake walimfukuza kabla ya chakula cha mchana, ndipo akahamia kwangu.

Siku hizi madereva tunasomeana mikataba kwanza. Mimi ule mstari naukata kwa kalamu. Madalali wawili wameniambia niende salama, wa tatu amekubali. Nauli yake si kubwa, lakini najua ilikotoka na ilikokatwa.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Lile boksi nililiacha chini ya kitanda wiki mbili kwa hasira. Jana nikalifungua. Mengi yalikuwa kama nilivyoogopa. Kisha nikafika Februari, baada ya injini yangu kufa, nilipokuwa nakopa mpaka pesa ya unga. Mizigo mitatu ya mwezi huo, nililipwa zaidi ya alichotoa mwenye mali. Nikasoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Chini kumeandikwa kwamba tofauti ikatwe kwenye mshahara wa Nirvair Singh, na sahihi ni yake. Mwezi ule ule nilimsema mbele za watu kwamba ni bahili, anakuja kwangu mikono mitupu. Aliniitikia tu, "Samahani, mjomba."

Nimemwita mwizi mbele ya jiko zima na mpaka leo sijamwomba radhi. Nimeanza na wewe kwa sababu kwako ni rahisi zaidi. Pesa za kukutumia hatakuwa nazo mpaka apate kazi nyingine, kwa hiyo nitatuma mimi, na akikwambia ni zake, mkubalie.

Nisalimie shemeji Gurmeet, mwambie agombeze taratibu. Msalimie Harleen na mtoto wake mpya, na shangazi Bachan, kama bado ananikumbuka. Mungu akulindie macho yako yote mawili na aijaze nyumba yako. Kulbir anakukumbatia. Hapa natia sahihi, maana mwanao yuko uani anaosha lori langu, ameshafunga maji, na sina budi kutoka sasa hivi nikamwombe msamaha kabla sijapoteza ujasiri.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Tarsem